Rokibasi wa Mto Meramec kwa flai, wanapatikanaje?

Mvuvi_STL: Wakuu habari za wikendi. Niko St. Louis, Missouri, msimu huu nimeanza kuvua kwa flai (chambo bandia chepesi cha manyoya na nyuzi), fimbo nyepesi namba 4 na mshipi wa kuelea, naenda Mto Meramec. Nawataka wale samaki rokibasi (rock bass) wenye macho mekundu, wenyeji huku wanawaita goggle-eye. Jamaa wa pembeni anawatoa kwa minyoo, mimi natupa katikati ya mkondo chambo kinapita na maji kasi naambulia visamaki tu. Shida ni chambo au sehemu? Na nikimpata ntamjuaje, maana jamii yake wanafanana kweli.

KijanaWaUjiji: Sehemu mkuu. Huyo hapendi maji ya kasi kabisa, yeye anajificha chini ya jiwe kubwa au kwenye mizizi ya mti ulioangukia mtoni, pale maji yanapotulia. Chakula chake ni kamba wa mtoni (crayfish, jamii ya wale wenye asili ya Marekani walioletwa Naivasha), wadudu na samaki wadogo. Funga wuli baga (flai ya manyoya yenye mkia laini) ya kahawia au kijani iliyofifia, ndoano namba 8 au 10, yenye ushanga mzito kichwani ili izame. Tupa kabla kidogo ya jiwe, upande maji yanakotoka, iache ishuke mpaka chini, halafu vuta mshipi kwa mkono taratibu, unavuta unapumzika. Mara nyingi husikii akigonga, unaona tu mshipi umesimama au umeenda pembeni, hapo hapo inua fimbo.

MamaSamaki: Kumtambua usitegemee jicho peke yake, hata ndugu yake smallmouth bass ana jicho jekundu. Angalia pezi la chini lililo karibu na mkia, rokibasi kwa kawaida ana miiba 6 pale, bluegill, ndugu yake mwingine, ana 3. Rangi nayo inabadilika, ukimtoa kivulini anaweza kuwa na mabaka meusi halafu akapauka mkononi mwako, samaki mzuri sana yule jamani. Nenda jioni jua likizama ndo wanatoka kula. Ila majira ya kuchipua, ukiona dume amekaa juu ya kishimo cha changarawe hatoki, mwache, analinda mayai, ukimwondoa tu wengine wanakuja kuyala.

Mvuvi_STL: Asanteni sana, mama shikamoo. Kwa hiyo mshipi wa kuelea ninao huu huu unatosha au nitafute wa kuzama?

KijanaWaUjiji: Unatosha, mashimo mengi ya pale siyo marefu kihivyo. Weka lida (uzi mwembamba kati ya mshipi na flai) ya futi 7 na nusu, ushanga utaishusha flai wenyewe. Na kama una miaka kati ya 16 na 64 lazima uwe na leseni ya jimbo, halafu kama unataka kuondoka nao uangalie kwanza urefu unaoruhusiwa kwenye kipande chako cha mto, haufanani kote.

MamaSamaki: Marahaba mwanangu. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, mawe ya pale yana utelezi mbaya.