Dalili za kiharusi, CT haina kitu: picha zinatenganishaje kiharusi na vinavyofanana nacho?

ZamuYaUsiku
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa analetwa mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, maneno hayatoki. CT (picha ya eksirei ya vipande) ya kichwa bila kontrasti, yaani dawa ya kung'arisha mishipa, haina damu. Dirisha la saa 4.5 la dawa ya kuyeyusha donge linazidi kufungwa. CT ya namna hiyo inatuambia nini hasa? Na kwenye MRI (picha ya sumaku), nitazame nini ili nijue ni mshipa ulioziba, au ni kifafa, kipandauso, sukari na mengineyo?

PichaNaMishipa
Kwanza kabisa toboa kidole. Sukari ikishuka chini ya 3 mmol/L inaweza kulegeza upande mmoja wa mwili vilevile kama kiharusi, na usipopima hata MRI itakupoteza: njia za neva zilizo ndani kabisa ya ubongo zinaweza kung'aa kwenye difyusheni (picha ya MRI inayofuata mwendo wa maji ndani ya ubongo) kama zimekosa damu, halafu glukosi ikiingia zikafutika.

Kuhusu CT: inasema "hakuna damu", haisemi "hakuna kiharusi". Saa za mwanzo ubongo uliokosa damu mara nyingi bado una rangi yake ya kawaida. Usisome kwa dirisha la kawaida la kuonyesha rangi kwenye skrini, lenye upana 80. Libane hadi upana 40, kitovu 40, ndipo tofauti ndogo ya kijivu na kijivu itajitokeza. Linganisha kulia na kushoto: je, ukingo wa insula (gamba lililojificha ndani ya ubavu wa ubongo) umefutika? Kiini cha lentifomu (kiini cha kijivu kilicho ndani ya ubongo) kimepoteza mpaka wake? Ateri ya kati ya ubongo ikiwa nyeupe upande mmoja, shuku donge. Ikiwa nyeupe pande zote mbili sawasawa, huenda ni damu nzito au chokaa kwenye kuta za mshipa.

Na damu iliyo chini ya utando wa ubongo inajua kujificha. Ikikaa wiki moja hadi tatu hufanana rangi na ubongo wenyewe. Fuata mifereji ya ubongo kwa jicho: isipofika kwenye fuvu, kuna kitu kimeisukuma ndani.

Difyusheni1000
Naongezea MRI. Itifaki fupi inatosha: difyusheni yenye b 0 na b 1000 (b ni nguvu ya kupima mwendo wa maji), ramani ya ADC (inayoonyesha maji yanatembea kwa kiasi gani), FLAIR (picha inayozima weupe wa maji ya kawaida ya ubongo), picha inayonasa damu (SWI au T2*), na picha ya ateri isiyohitaji kontrasti. Hiyo ni kama dakika 10, mgonjwa akitulia.

Kosa ninaloliona limezoeleka ni kusoma b 1000 peke yake. Kinachong'aa pale kinaweza kuwa maji yaliyonaswa ndani ya seli, au ni mng'ao wa T2 (weupe wa maji kwenye picha ya kawaida ya MRI) tu uliopenya. ADC ndiyo inayoamua. Ikiwa nyeusi mahali palepale, maji kweli hayatembei. ADC ikiwa nyeupe, maji yamevuja nje ya seli. Yakiwa kisogoni pande zote mbili na presha iko juu sana, fikiria PRES (uvimbe wa ubongo, mara nyingi wa muda, unaoletwa na presha) kabla ya kiharusi.

Lakini ADC nyeusi nayo si hati ya kiharusi. Usaha wa jipu la ubongo huwa mweusi vilevile, ila wenyewe upo katikati ya pete inayowaka kwa kontrasti. Kwa hiyo swali la pili ni umbo: je, doa limefuata shamba la ateri moja, yaani eneo linalolishwa na ateri hiyo? Kiharusi hukata kipande chenye gamba na nyama nyeupe iliyo chini yake. Baada ya degedege ndefu, kinachong'aa ni utepe mwembamba unaofuata gamba la ubongo, unavuka mpaka wa ateri moja kwenda nyingine bila kujali, na mara nyingine sehemu ya nyuma ya thalamasi (kiini kilicho katikati ya ubongo) ya upande uleule inang'aa pamoja nao. Ukiuona utepe ule mara moja huusahau. Ateri za upande huo ziko wazi, pengine zimetanuka.

Kipandauso chenye dalili za neva: difyusheni kwa kawaida ni safi, mtiririko wa damu umepungua kidogo, na eneo lililopungukiwa linavuka mashamba ya ateri zaidi ya moja.

KanulaGeji18
Kwa wanaotumia CT ya mtiririko wa damu: kanula (mrija wa kuingizia dawa mshipani) geji 18 kwenye kiwiko, mkono wa kulia ukiwezekana, kontrasti 40 hadi 50 ml kwa kasi ya ml 5 kwa sekunde. Matatizo hutokea hapa: moyo dhaifu huchelewesha kontrasti, skani inakatwa mapema, programu inachora upungufu usiokuwepo. Angalia mchoro wa kontrasti ikipanda na kushuka kwenye ateri na kwenye vena. Wa vena usiporudi chini, usiziamini zile rangi za ramani ya mtiririko. Ateri ya shingo iliyobanwa zamani nayo huchelewesha nusu nzima ya ubongo hata bila kiharusi kipya.

PichaNaMishipa
Jambo moja lisipotee: difyusheni safi haifuti kiharusi. Takriban wagonjwa 7 kati ya 100 wenye kiharusi cha mshipa kuziba hawaonekani kwenye picha ya kwanza, hasa doa likiwa dogo kwenye shina la ubongo. Mwenye kizunguzungu na kuona viwili, omba vipande vyembamba vya mm 3, na urudie baada ya siku moja hadi tatu. Wala usisimamishe dawa kwa kungoja MRI ikiwa ulemavu ni mkubwa, muda upo na CT haina damu: hatari ya kuvuja damu kwa mtu aliyepewa dawa kumbe hakuwa na kiharusi ni ndogo sana.

ZamuYaUsiku
Asanteni sana. Na akianza na degedege, kisha akapooza?

Difyusheni1000
Degedege haiondoi kiharusi, kwa sababu donge lenyewe linaweza kuiamsha. Piga CT ya mishipa kuanzia upinde wa aota hadi utosini. Ateri ikikatika ghafla kwenye picha, ni kiharusi, mtibu hivyo. Zikiwa wazi na picha ikaonyesha utepe, rudia MRI baada ya wiki chache: utepe wa kifafa kwa kawaida hufifia, kiharusi huacha kovu.