Mjadala: Gari la nguvu la kusukuma nyuma bado lina maana, au wakati wake umepita?

Mtoa hoja
Wakuu, nazungumzia gari ambalo injini inazungusha magurudumu ya nyuma tu. BMW M5 ya mwaka 2017 (F90) ndiyo M5 ya kwanza kupewa magurudumu manne yanayosukuma. Ilikuwa na farasi 600 na torki ya Nm 750. Lakini BMW wenyewe wakaacha mlango wazi: ukizima kabisa udhibiti wa utelezi, unaweza kuchagua nguvu yote iende nyuma. M3 ya sasa yenye gia za mkono bado inasukuma nyuma tu. Toyota nao mwaka 2021 wakatoa GR86, injini ya lita 2.4, kilo 1,270 hivi, nyuma tupu. Kwetu huku wapenda mwendo wako kwenye Toyota Altezza na Mark X. Msimamo wangu: gari la kusukuma nyuma ndilo linalompa dereva raha kamili, na wengi wanaolilaumu wanalaumu matengenezo mabovu. Mwenye kupinga aje na hesabu.

Upande wa Subaru
Sisi wa Subaru tunatetea magurudumu manne, na hesabu hii hapa. Tuseme gari lina kilo 1,500, na nyuma zimekaa kilo 690. Lami imelowa, mshiko wa tairi tuukadirie 0.5, yaani nusu ya uzito ulioikalia. La kusukuma nyuma litaongeza mwendo kwa robo ya g tu (g ni ongezeko la mwendo la kitu kinachoanguka) kabla tairi hazijaanza kuzunguka bure. La magurudumu manne linakaribia nusu ya g kwa tairi zilezile. Anayepanda mlima Kitonga mvua inanyesha hana haja ya kuambiwa tofauti hiyo. Na M5 ya mwaka 2024 imevuka kilo 2,400 na farasi 700. Nguvu hiyo yote huwezi kuibebesha tairi mbili kila siku ukategemea usalama.

Fundi wa difu
Hesabu yako ni sahihi, mkuu, ila ni ya kuondoka. Kwenye breki gari lolote lina tairi nne zinazofanya kazi, kwa hiyo magurudumu manne hayakufupishii umbali wa kusimama. Wengi wanaingia mtaroni hapo: wameongeza mwendo bila kusikia utelezi, wanakuja kufunga breki wakiwa wamechelewa.

Sasa kona. Tairi ina mshiko wenye mwisho, na kila unachotumia kuvuta unakipunguza kwenye kukata kona. Ukiipa tairi ya mbele kazi ya kuvuta pia, inaanza kusukumwa nje ya kona. Ukiiachia usukani tu, unasikia barabara vizuri mkononi. Na ukikanyaga mafuta, uzito unahamia pale nguvu inapotoka: kwa 0.4 g, gari la kilo 1,500 lenye mita 2.85 kati ya ekseli na kitovu cha uzito nusu mita juu ya ardhi huongeza kilo kama 105 nyuma. Mguu wa kulia unakuwa usukani wa pili. Huo ndio utamu wenyewe, na haununuliki kwa farasi 700. GR86 inautoa kwa farasi 235.

Lakini utamu huo una masharti. La kwanza ni tairi. Watu wanaweka tairi mpya mbele na zilizochoka nyuma, kwa sababu za nyuma zinaisha haraka. Ni hatari: mvua ya kwanza mkia unakuja mbele. Nzuri zikae nyuma, na soma tarakimu nne za mwisho za DOT, maandishi ya ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. La pili ni bushi, raba za maungio ya mikono inayoshika magurudumu ya nyuma. Zikichanika, gurudumu linabadili mwelekeo kila unapokanyaga au kuachia mafuta, gari linageuka lenyewe kwenye barabara iliyonyooka. Ukifanya alaimenti kabla ya kubadili bushi umetupa pesa.

La tatu ni difu, gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili na kuyaacha yapishane mwendo kwenye kona, na hapa naomba vijana wasikie. Kuchomelea difu ni kwa gari la uwanjani tu. Gurudumu la ndani na la nje yanalazimishwa kuzunguka sawa, kwa hiyo gari linagoma kukata, tairi zinalika, shafti zinakatika. Tafuta LSD halisi, difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure. Ikiwa ni ya klachi, weka oili ya LSD. Oili ya kawaida itafanya difu itetemeke na kugonga unapokata kona za kuegesha.

Mpenzi wa rally
Niongeze historia. Celica Twin Cam Turbo, ya kusukuma nyuma, ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, Audi Quattro za magurudumu manne zikiwa zimeshaingia.

Upande wa Subaru
Ilishinda kwa uimara, kaka. Safari ya wakati ule ilikuwa mtihani wa gari kutovunjika. Mwaka 1987 Audi wakashinda na 200 quattro, na mwaka 1990 Toyota hao hao wakashinda na Celica GT-Four ya magurudumu manne. Waliohama ni wale waliokuwa wakishinda.

Mtoa hoja
Walihamia vumbi na tope. Mimi nazungumzia lami. Halafu gharama: Subaru wanataka mizingo ya tairi zote nne isitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi, la sivyo difu ya kati inapashwa moto bure. Tairi moja ikipasuka zilizobaki zikiwa zimelika nusu, unanunua nne. Mimi nanunua mbili.

Mnunuzi
Nikienda kuangalia Mark X au Altezza, nianze wapi?

Fundi wa difu
Namba ya chesesi. GRX120 na GRX130 ni lita 2.5 za kusukuma nyuma. GRX125 na GRX135 ni za magurudumu manne. Wauzaji wengine hawatofautishi. Altezza yenye injini ya 3S-GE ni RS200, na baadhi zina Torsen, LSD ya gia isiyo na klachi.

Kisha weka kizuizi magurudumu ya mbele, inua nyuma, likalishe gari kwenye stendi, gia N, handbreki chini. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka upande uleule, mara nyingi ni LSD ya klachi au difu iliyochomelewa. Ikiwa imechomelewa hakuna mpishano hata kidogo. Likizunguka kinyume, mara nyingi ni difu ya kawaida au Torsen, hizo mbili utazitenganisha kwa karatasi za gari au kwa kufungua. Mwisho fungua boliti ya kujazia: oili ifike ukingoni mwa tundu. Ukikuta vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, shusha bei au ondoka.