Acheni kudanganyana: kung'oa reli si kutengeneza barabara

Wadau, foleni ikishika Rironi, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, jioni moja tu, kesho yake lazima atokee mtu na ile hadithi: handaki la treni lipo, ng'oa mataruma, mwaga lami, magari yapite. Mbona Whittier kule Alaska waliweza?

Waliweza vipi? Handaki la Whittier lina kilomita 4 hivi na njia MOJA. Magari yaliruhusiwa mwaka 2000, na mpaka leo yanapita kwa zamu: upande huu ukienda, ule unangoja, treni ikija, wote wanangoja, na moshi lazima upulizwe nje. Hiyo ndiyo mnaitakia barabara ya Nakuru, na malori yote yale ya mpakani Malaba?

Tuje kwa vipimo. Kontena refu lina mita 2.9 kwenda juu. Lipandishe kwenye trela yenye sakafu ya mita 1.4, umefika 4.3. Paa la handaki la treni ni tao, kwa hivyo kontena haligongi pale katikati mnapopima kwa furaha. Linagonga kwa pembe zake za juu, kwenye mabega ya tao.

"Si mchimbe sakafu?" Haya, chimba. Ukuta wa matofali umekaa juu ya msingi ambao mara nyingi hauendi chini sana. Ondoa udongo wote kwa mpigo mmoja uone ukuta ukisogea ndani. Kazi hii hufanywa kwa vipande vya mita moja au mbili: chimba, mwaga zege chini ya msingi, ngoja ligande, ruka, fungua kipande kingine mbali kidogo. Na kabla ya hapo gonga ukuta wote kwa nyundo. Panapolia utupu, matofali yameachana. Moshi wa makaa wa treni za zamani una salfa, nayo hula chokaa.

Maji je? Kokoto za reli huyapitisha, lami huyazuia, kisha hubanduka yakisukuma kutoka chini. Bila mifereji pande zote mbili umetupa pesa.

Na moto. Handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia, 1999: lori moja la majarini na unga, watu 39 wakafa. Ulaya sasa wanataka milango ya dharura isiachane zaidi ya mita 500. Kwenye bomba moja ndani ya mlima, mlango huo utatokea wapi kama hujachimba handaki la pili kando yake?

Anayebisha alete mchoro wa mkato wenye vipimo, na bei ya feni. Picha za Alaska tumeshaziona.