Tupeane uzoefu: mtoto wako ulimfundishaje saa na kuhesabu muda?

MamaWawili: Wadau, habari za mchana. Jana nimekaa na daftari la kijana wangu, darasa la tatu. Basi limeondoka saa 2:40 asubuhi, limefika saa 5:15 asubuhi, limetumia muda gani? Kajibu: saa 2 na dakika 75. Namuuliza dakika 75 ndiyo nini, ananitazama kama mimi ndiye sijui. Kusoma saa anajua, hata kasorobo hakosei. Nyie hapa mlipitaje?

Mwl_Chaki: Usimfokee, mama. Hiyo 75 ina njia mbili. Huenda kakopa saa moja akaifanya mia, kama alivyozoea kwenye namba za kawaida: 115 toa 40. Au kakopa 60 sawasawa, 15 ikawa 75, akasahau kutoa. Mwambie afanye tena mbele yako, kwa sauti.

Mimi darasani kukopa nakuweka mwisho kabisa. Nachora mstari sakafuni, mtoto anaruka. Toka 2:40 hadi saa tatu kamili, dakika 20. Tatu hadi tano, saa mbili. Tano hadi tano na robo, 15. Saa 2 na dakika 35. Wakisharuka wiki nzima ndipo tunarudi daftarini.

Bint_Kisauni: Huku Mombasa shida ni nyingine. Wangu yuko gredi ya tatu, shuleni saa ni ya Kizungu, nyumbani nyanyake anataka ya Kiswahili. Mkono mfupi uko kwenye 8, huku nane, huku mbili! Nimemfunza atazame upande wa pili wa uso wa saa: mkabala na 8 ni 2. Lakini ajabu, muda aliuelewa kwa saa ya nyanyake. Toka 10 asubuhi hadi 3 mchana kwa Kizungu lazima avuke kumi na mbili, hapo anakwama. Kwa Kiswahili ni saa nne hadi saa tisa. Tano, basi.

BabaJ: Na jioni je? Saa 11 hadi saa 2 usiku, wangu kapata 9.

Bint_Kisauni: Hapo Mzungu katushinda, yeye ni 5 hadi 8 tu 😂

Mkwe_Mwema: Mimi yangu ya stendi. Mama mkwe anarudi Singida, tiketi imeandikwa 06:00. Binti yangu wa darasa la tano kaisoma kwa kujiamini: "Bibi, ni saa sita." Bibi kaoga, kanywa chai, kafunga kapu lake taratibu. Tunafika saa tano na nusu mchana, konda wa basi jingine anatuambia lile limeshaipita Morogoro. Bibi hakusema neno mpaka nyumbani.

Siku hizi nimempa kanuni: saa ya simu toa 6, kwa hiyo 13:00 ni saa saba. Ikibaki sifuri ni kumi na mbili. Kuanzia 19:00 toa 18. Usiku wa manane sijamfundisha, muda huo awe amelala.

MamaWawili: Mwl, kafanya mbele yangu. Ni mia! Na ukimuuliza saa moja ina dakika ngapi, anajibu sitini bila kufikiri. Chaki sina, nimechora kwa mkaa, yuko barazani na mdogo wake wanaruka. Maharage nimeyabandika saa tisa na dakika ishirini. Yakiiva, wao ndio wataniambia yametumia muda gani.