Walioweka Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, pembeni ya Windows, tupeane uzoefu: ulijua saa ngapi kwamba umeharibu?

Kengewa
Leo nimepita kwa fundi nikamkuta dogo wa chuo kashika kichwa, skrini nyeusi, maandishi meupe: grub rescue. Nikacheka peke yangu, si kwa ubaya, nimekumbuka 2016. Nilikuwa nimeichoka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nikaingia Windows nikaifuta partisheni yake, yaani kipande chake cha diski, nipate nafasi ya muvi. Kesho yake ndiyo siku ya kukabidhi ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Nawasha: no such partition. Kumbe GRUB, anayekuuliza asubuhi uende Windows au Linux, mafaili yake yanakaa humohumo nilimofuta! Nusu siku naisaka diski ya Windows ya kuwashia, nikaandika bootrec /fixmbr, ikaamka. Ripoti nilikabidhi saa tisa alasiri. Haya, nanyi ilikuwaje?

Mzee wa CD
Nyie wa juzi. Mimi 2007 Ubuntu niliipokea posta. Canonical, kampuni yenye Ubuntu, walikuwa wanatuma CD bure popote ulipo, unajaza fomu, unasahau, siku moja unakuta bahasha kwenye sanduku. Ilikuwa 7.04, yaani mwaka 2007 mwezi wa nne. Huduma ile waliifunga 2011. Sasa modemu yangu haikutambulika, na Linux bila intaneti enzi zile ilikuwa ukumbi mzuri usio na viti. Naenda intaneti kafe, napakua kifurushi kwenye flashi, nafika nyumbani naambiwa hiki kinahitaji kile. Narudi. Kile nacho kinahitaji kingine. Nauli ya daladala ndiyo iliyonifundisha jinsi programu zinavyotegemeana.

Dada wa Pwani
Hapo kwenye "hiki kinahitaji kile" umenigusa kabisa mzee wangu.

Kijana wa Steshenari
Wakuu, yangu sijawahi kuisimulia. 2019, Mwanza, naendesha steshenari ya shangazi: barua, CV, picha za pasipoti, mitihani ya shule za jirani. Kompyuta moja. Nimeangalia video nikanogewa, nikatengeneza flashi ya kuwekea Ubuntu kwa programu ya Rufus, usiku nikafunga duka nikabaki ndani. Nikafika pale pa kuchagua: kuna kuiweka pembeni ya Windows, na chini yake Erase disk. Sasa jamani, mimi maisha yangu yote disk ni flashi. Mteja anaingia, "nina disk yangu hapa, nitolee kopi mbili". Nikajua naulizwa kama flashi ifutwe kazi ikiisha. Nikasema safi, yenyewe ya kuazima, futa.

Ikawaka, rangi ya zambarau, nikazunguka nayo najiona injinia. Nikafungua folda ya wateja. Tupu. Nikaifunga nikaifungua tena, kama vile walikuwa wametoka kidogo. Nilikaa sakafuni, kitaa cha mashine ya kopi kinamulika, nasikia mlinzi wa jirani anakohoa.

Mitihani ya shule niliiachia Mungu. Kilichonimaliza ni kikoba. Shangazi ndiye katibu, kina mama 32, hisa na mikopo yote iko kwenye faili moja la Excel mle, na siku ya kugawana imebaki siku 11. Fundi mmoja akaniambia usiiguse tena, usiandike juu yake hata herufi moja, chomoa diski ulete. Tukaendesha PhotoRec, programu ya kufufua vilivyofutwa, kwenye mashine yake. Inarudisha mafaili, ila majina hairudishi, kila kitu kinaitwa f na msururu wa tarakimu. Maelfu. Nikawa nafungua moja moja kila usiku. Nimeona CV za watu hadi nikawajua na wadhamini wao. Usiku wa saba nikalikuta la kikoba, toleo la mwezi wa nane. Nikalilinganisha kimyakimya na daftari la mweka hazina. Likapishana kwa 180,000.

Mama Wawili
Subiri kwanza. Nani alikula?

Kengewa
Kijana rudi. Linux tutaijadili wiki ijayo.

Arch Makambako
Ndiyo maana nasema anayeanza aanze na Arch, Linux unayoijenga mwenyewe, aandike kila amri kwa mkono wake, asibonyeze asichokijua.

Dada wa Pwani
Acha kupotosha watu. Mtu kadhani disk ni flashi, wewe unampeleka Arch? Mint, basi, Linux rahisi kwa anayeanza.

Arch Makambako
Mint ni Windows iliyovaa kanzu.

Dada wa Pwani
Na wewe ulikaa wiki nzima unaitafuta sauti ya spika, tulikuwa wote.

Arch Makambako
Siku tatu.

Mgeni Mtulivu
Samahanini wakubwa. Mimi ndiyo nataka kuweka wikiendi hii. RAM 4GB, Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Nianzie wapi?

Mzee wa CD
Bakapu. Na isiwe kwenye D ya kompyuta hiyohiyo. D ni chumba kingine cha nyumba ileile inayoungua.

Kengewa
Windows itangulie, Linux ifuate. Nafasi ipunguze ukiwa ndani ya Windows yenyewe. Kisha zima Fast Startup, maana ikiwepo Windows haizimiki, inasinzia, halafu Linux inaigoma D, inakufungulia kusoma tu.

Mama Wawili
Angalia BitLocker pia, kufuli la Windows kwenye diski! Nilibadili kitu kimoja kwenye BIOS, mipangilio ya kabla Windows haijawaka, ikanidai ufunguo wa tarakimu 48. Ulikuwa kwenye akaunti yangu ya Microsoft, na akaunti imefungwa kwa laini niliyoipoteza 2020.

Bwana Njia Fupi
Weka VirtualBox, Linux iwake kama programu ndani ya Windows, usihatarishe kitu.

Arch Makambako
Kwa RAM 4GB? Unataka apike ugali kwenye kijiko.

Bwana Njia Fupi
Basi aifute Windows yote, atajifunza kuogelea akiwa majini.

Dada wa Pwani
Mgeni, usiwasikilize. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuiweka, uone kama Wi-Fi inashika. Isiposhika, chomeka simu kwa waya ugawe bando, draiva zitashuka.

Kijana wa Steshenari
Nimewaona mnaoulizia 180,000. Zilikuwa faini za kuchelewa vikaoni. Mweka hazina aliziandika, shangazi hakuziingiza. Nilizirekebisha usiku uleule, mgao ukaenda vizuri, shangazi hajui mpaka kesho.

Mama Wawili
Kwa hiyo ulipika hesabu za kikoba.

Kijana wa Steshenari
Nilirekebisha.

Mama Wawili
Ulipika, mwanangu.

Mgeni Mtulivu
Wakubwa, nimeweka Mint, zote mbili zinawaka! Ila nikirudi Windows saa imerudi nyuma masaa matatu. Nimeharibu nini?

Mzee wa CD
Hujaharibu. Linux inaiwekea mashine saa ya UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Rudi Linux, fungua terminali, andika: sudo timedatectl set-local-rtc 1

Mgeni Mtulivu
Inataka paswedi, lakini kila ninachoandika kinatokea nyota. Kibodi imeharibika?

Mzee wa CD
Inapokea, inaficha tu. Andika yote, bonyeza Enter.