"Trafiki hayupo, unasubiri nini?" Madereva wa Dar wenye tabia hii, someni hapa

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka, mnivumilie.

Leo asubuhi, saa 12 na dakika 40 hivi, nipo mataa ya Magomeni, pale Kawawa Road inapokatana na Morogoro Road, natoka Ilala naelekea Kinondoni. Taa nyekundu. Nimesimama nyuma ya mstari. Nyuma yangu daladala. Hata sekunde tano hazijapita, honi. Ile honi ya kubandika kiganja na kukiacha palepale. Mara konda huyo kashuka, anapiga bodi la gari yangu: "We mama, trafiki hayupo, unasubiri nini? Twende!"

Mbele yangu watoto wa shule walikuwa wanavuka. Aliwaona. Alisimama usawa wa kioo changu akitazama hukohuko.

Sikusogea. Basi bodaboda ikachomoka kati ya gari yangu na ya pembeni, dereva na abiria wake, taa nyekundu wanaiona. Kulikuwa na mtoto wa darasa la pili au la tatu, begi kubwa kuliko mgongo, ndiyo kwanza anamaliza kupita mbele ya boneti yangu. Usukani ukanasa mkanda wa begi. Mtoto akazungushwa mzimamzima akakaa chini kwenye lami. Bodaboda ikayumba, ikakaa sawa, ikaenda zake. Dereva wake hakugeuka hata kumtazama.

Nikavuta hendibreki nikashuka. Madaftari yamesambaa, moja lina alama ya tairi katikati. Mtoto halii, anatafuta rula. Kaiona, imekatika vipande viwili, kavitia vyote begini, halafu kaniuliza: "Mama, sasa hivi saa ngapi? Tukichelewa tunachapwa." Nimeinama naokota daftari la Hisabati, na ile daladala bado inapiga honi.

Sasa nisikilizeni ninyi mnaojitetea kwamba "mimi huwa napita polepole, naangalia kwanza". Unaangalia nini? Gari iliyosimama mbele yako ni ukuta. Mtoto wa kimo kile humwoni mpaka atokeze kwenye pua ya gari, na yeye hakuoni wewe. Ukiwa spidi 50 tu, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo kwenye makazi ya watu, sekunde moja unakula karibu mita 14. Breki hujaigusa bado. Ndiyo maana kulipita gari lililosimama kwenye zebra au kwenye taa ni ubaya mkubwa kuliko hata kupita zebra tupu: mtoto ameshaaminishwa na yule aliyesimama kwamba njia ni salama. Mimi niliyesimama ndiye niliyemwita mtoto yule kwenye tairi la mwenzangu. Hilo ndilo linanitesa tangu asubuhi.

Na rangi ya njano hapa mjini imekuwa amri ya kukanyaga mafuta! Njano ni simama, labda uwe umeshafika karibu mno kiasi kwamba kusimama ghafla ni hatari. Kile kibao chekundu cha pembe nane kwenye njia za kutokea mitaani ndiyo kabisa, wengi wanakipita wameangalia simu. Maana yake ni tairi zisimame kabisa, hata kama barabara kubwa ni nyeupe.

Trafiki nanyi hamponi. Kisheria ishara ya askari inapita taa, sawa, hilo nalijua. Lakini mnapoongoza magari kila asubuhi taa zikiwa nzima, kijani mnazuia, nyekundu mnaruhusu, mmemfundisha dereva miaka na miaka kwamba kinachoogopwa ni sare nyeupe. Siku haipo, ndiyo hayo ya leo. Halafu tunakutana mbele mmejibanza kwenye kona mnatoza faini, wakati mtoto alikuwa nyuma huko kwenye mataa.

Na mashangingi! Gari ya wagonjwa, ya zimamoto, ya polisi ikiwa kazini na king'ora, nitapanda hata ukingo wa barabara niipishe. Bosi anayewahi kikao na kuwasha hazadi zote si mgonjwa. Asimame kama sisi.

Bodaboda wataniambia wanatafuta riziki. Natafuta pia, na leo nimechelewa kazini nimekatwa. Yule abiria aliyekuwa nyuma ya pikipiki naye kwa nini hakumgonga dereva bega amwambie asimame? Alitazama nyuma, mtoto yuko chini, akageuza uso.

Konda, kama unasoma: nilikuwa nasubiri watoto wavuke.