Tesera katika The Hunger Games: je, ni deni au ni adhabu?

MsomajiWaJioni

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninasimamia kikundi cha usomaji cha wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na muhula huu tunasoma The Hunger Games, riwaya ya Suzanne Collins iliyotoka mwaka 2008. Kwa wasioifahamu, nchi ya Panem ina jiji tajiri liitwalo Capitol na wilaya 12 zinazolihudumia, na kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, wakauane mbele ya kamera. Majina hupatikana kwa kura. Mtoto wa nyumba yenye njaa anaruhusiwa kuchukua tesera, yaani mgawo hafifu wa nafaka na mafuta wa kumlisha mtu mmoja kwa mwaka, kwa sharti kwamba kwa kila mgawo jina lake liongezwe mara moja kwenye chombo cha kura.

Mwanafunzi mmoja amenibana. Anasema tesera si deni, kwa sababu hakuna anayerudisha chochote; ni adhabu iliyovikwa nguo za msaada. Wenzake wanashikilia kwamba ni mkopo, tena wenye riba ya kutisha. Ninaegemea upande wa wenzake, ila hoja zangu bado ni nyepesi. Ninyi mnaionaje?

KaraniMstaafu

Ndugu mleta mada, wapelekeni kwenye hesabu kwanza, maana mwandishi ameiacha wazi kabisa. Kila mtoto huingizwa kwenye kura mara moja akiwa na miaka 12, mara mbili akiwa na 13, hadi mara saba akifikisha 18. Katniss, mhusika mkuu mwenye miaka 16, angekuwa na karatasi 5 tu. Lakini tangu alipotimiza 12 amechukua tesera tatu kila mwaka, yake, ya mama yake na ya mdogo wake, kwa hiyo anazo 20. Rafiki yake Gale ana miaka 18 na nyumba ya watu watano: saba za lazima, na 35 za chakula, jumla 42.

Jambo la kutazama hapo ni kwamba nafaka ya mwaka ule imekwisha kuliwa, lakini karatasi iliyowekwa kwa ajili yake haiondolewi mwaka unaofuata. Kilichokopwa kimekwisha, mzigo umebaki na unazidi kukua. Mimi niliyeshika vitabu vya hesabu kwa muda mrefu silijui jina jingine la kitu hicho zaidi ya deni. Malipo yake ni uwezekano wa kufa, na uwezekano una bei, ndiyo maana kuna biashara ya bima.

Waulize pia ni nani anayeweka dhamana. Mama hawezi kuchukua tesera hata akitaka, kwa kuwa umri wa kura umempita. Chakula ni cha nyumba nzima, rehani ni mtoto.

MamaKikoba

Mzee Karani, hesabu zako sizipingi, lakini yule mwanafunzi asipuuzwe. Mkopeshaji wa kawaida anataka fedha yake irudi. Mtoto wa Panem akivuka miaka 18 bila jina lake kutoka, karatasi zote zinakwisha nguvu bila kulipwa, na Capitol haioni hasara yoyote. Basi tuulize inapata nini katika biashara hiyo.

Jibu ninaliona pale Gale anapomkasirikia Madge, binti wa meya, aliyevaa gauni jeupe siku ya kura na ambaye hajawahi kuhitaji tesera hata moja. Anamrushia maneno makali, ilhali mwenyewe anajua kwamba binti yule hakutunga sheria, na kwamba Capitol inafaidika wao kwa wao wakichukiana. Tesera imeweka mstari katikati ya watu wa wilaya moja, wote wakiwa maskini ukiwalinganisha na jiji.

Huku kwetu mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha mikopo ya kausha damu analifahamu jambo hilo. Mwenzenu akishindwa kuleta rejesho la wiki, ninyi mliomdhamini ndio mnaoingia sebuleni kwake kubeba kochi na mtungi wa gesi, huku ofisa mikopo amesimama nje barabarani na daftari lake, mpole kabisa. Baada ya hapo mama yule hamsalimii jirani. Ofisa anamsalimia.

MpandaMilima

Naomba kuongeza mawili. Riwaya yenyewe inasema Wilaya ya 12, ya wachimba makaa ya mawe, iko eneo lililoitwa Appalachia, nchini Marekani. Katika kambi za makaa za eneo hilo, kampuni nyingi ziliwalipa wachimbaji kwa vipande vya metali badala ya dola, vilivyotumika katika duka la kampuni hiyo hiyo tu, na mara nyingi waliviomba kabla ya siku ya mshahara. Mwajiri, mwenye duka na mwenye nyumba alikuwa mmoja, kwa hiyo mshahara ulirudi ulikotoka. Deni la Panem lina mizizi katika historia.

La pili halitajwi na mhusika yeyote, lakini msomaji makini ataliona. Katika Wilaya za 1, 2 na 4 watoto hufundishwa kupigana, na anayechaguliwa kwa kura aghalabu hupata wa kujitolea mahali pake. Maana yake mtoto wa huko anaweza kuchukua tesera bila hofu kubwa. Mgawo ni ule ule, sharti ni lile lile, lakini gharama yake inategemea umezaliwa wapi.

MsomajiWaJioni

Nashukuruni sana, hasa kwa hilo la kujitolea, ambalo sikulifikiria. Limebaki moja. Prim, mdogo wake Katniss, ana karatasi moja tu, na ndiye ambaye jina lake linatoka kwenye kura. Je, hilo halibomoi hoja yote ya deni?

KaraniMstaafu

Halibomoi. Karatasi moja ya Prim si bahati aliyozaliwa nayo; Katniss alimkataza asichukue tesera, akazibeba yeye. Zile 15 za ziada ndizo zilizomwacha mdogo wake na moja. Na kwa Capitol, jina kama hilo likitoka ni faida tupu, kwa sababu ndilo litakaloonyeshwa kila mtu atakayelalamika kwamba kura inawaonea wenye njaa.

Mwambie yule mwanafunzi ahesabu karatasi za mtoto wa miaka 15 mwenye wadogo wawili na baba mgonjwa, kisha aseme tena kama ni adhabu. Kosa lake atalitafuta wapi?